Kichwa kinauma kila ukiamka? Uliza pia jinsi unavyopumua usiku

Kuna maumivu ya kichwa yenye saa yake maalumu. Unafungua macho alfajiri na tayari yapo. Hayakuletwa na jua la kwenye foleni ya mgao, wala na kelele za watoto, kwa sababu siku hata haijaanza. Yanabana pande zote mbili za kichwa kama kitambaa kilichofungwa kwa nguvu. Unaosha uso, unawasha moto, unakunywa chai, na ikifika saa nne asubuhi yamekwisha yenyewe. Kesho yake yanarudi.

Ikiwa hali hii unaijua, huenda umeshapimwa malaria mara tatu au nne na kipimo hakikuonyesha kitu. Ukapewa parasetamoli, ukarudi nyumbani, na mambo yakaendelea vilevile. Katika makala hii tunaeleza sababu moja ambayo mara nyingi haiulizwi kwenye chumba cha daktari, na ambayo mgonjwa mwenyewe hawezi kuitaja kwa sababu hutokea akiwa amelala: pumzi kukatika usingizini. Wataalamu huita hali hii apnea, neno la Kigiriki lenye maana ya kutokuwa na pumzi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba karibu watu milioni 936 duniani wenye umri wa miaka 30 hadi 69 wanaishi nayo, kwa kiwango kidogo au kikubwa. Wengi wao hawajui.

Nini hutokea usiku

Mtu akikoroma huwa tunasema amelala fofofo. Tunacheka, tunamwonea wivu kidogo. Lakini kukoroma kwa nguvu maana yake ni kwamba hewa inapita kwa shida.

Ukiwa macho, misuli ya koo huishikilia njia ya hewa ibaki wazi. Ukilala, misuli hiyo hulegea pamoja na mwili mzima. Kwa watu wengi nafasi inayobaki inatosha. Kwa wengine ulimi na nyama laini za nyuma ya kaakaa hurudi nyuma, njia inakuwa nyembamba, na hewa ikipita zile nyama zinatetemeka. Mtetemo huo ndio sauti ya kukoroma. Njia ikiziba kabisa, sauti inakatika. Kifua na tumbo vinaendelea kuhangaika kuvuta hewa, lakini hakuna kinachoingia.

Pumzi iliyokatika huhesabiwa ikidumu sekunde 10 au zaidi. Nyingine hufika nusu dakika, na kwa baadhi ya watu hufika dakika nzima. Kisha ubongo unashtuka, misuli inakaza, na mtu anavuta hewa kwa kishindo kama aliyeibuka kutoka majini. Anageuka upande, analala tena, na asubuhi hakumbuki lolote.

Madaktari hupima uzito wa tatizo kwa kuhesabu mara ngapi pumzi inakatika au kupungua sana katika saa moja ya usingizi. Kuanzia mara 5 huitwa apnea ndogo, kuanzia 15 ya wastani, na kuanzia 30 kali. Piga hesabu mwenyewe: mtu mwenye pumzi inayokatika mara 30 kwa saa, akilala kwa muda wa saa 7, amepitia hali hiyo mara 210 kabla ya kupambazuka. Amelala usiku kucha, lakini hajapumzika.

Kwa nini kichwa ndicho kinacholalamika

Pumzi inapokatika, oksijeni katika damu hupungua, na ile hewa chafu tunayotakiwa kuitoa, yaani kaboni dayoksaidi, hujazana. Kaboni dayoksaidi ikizidi, mishipa ya damu ya ubongo hupanuka. Fuvu ni mfupa, halipanuki pamoja nayo, kwa hiyo shinikizo ndani ya kichwa hupanda. Wakati huohuo shinikizo la damu mwilini linaruka juu kila mara ubongo unaposhtuka, na usingizi wenyewe umekatwakatwa vipande. Wataalamu bado wanajadiliana ni kipi kati ya hivi kinachochangia zaidi. Kilicho wazi ni kwamba njia ya hewa ikifunguliwa kwa matibabu, mara nyingi maumivu ya asubuhi nayo hukoma.

Utafiti uliofanyika Norway uliwakuta na maumivu ya kichwa ya asubuhi karibu watu 12 kati ya kila 100 wenye tatizo hili, na karibu 5 tu kati ya kila 100 wasio nalo. Soma tarakimu hizo kwa pande zote mbili. Maumivu ya asubuhi ni dalili yenye uzito, lakini wagonjwa wengi wa apnea kichwa hakiwaumi kabisa. Kwa hiyo ukikoroma na kukabwa pumzi, usijihesabu uko salama eti kwa sababu kichwa hakiumi.

Jinsi ya kuyatambua

Maumivu yanayotokana na apnea yana tabia zake. Huja mtu anapoamka. Kwa kawaida hushika pande zote mbili za kichwa na hubana zaidi kuliko kugonga. Hayaandamani na kichefuchefu, wala mwanga na kelele haviyazidishi. Huisha ndani ya saa 4, na hujirudia zaidi ya siku 15 kwa mwezi. Hapo yanatofautiana na kipandauso, ambacho mara nyingi hushika upande mmoja, hugonga kama ngoma, huleta kichefuchefu, na humfanya mtu atafute chumba chenye giza. Hata hivyo mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na usingizi mbovu unaweza kukichochea kipandauso.

Dalili nyingine ni za mchana. Mtu anasinzia kwenye mkutano, kanisani au msikitini, hata akiwa katikati ya mazungumzo. Anasahausahau. Ana hasira za karibu. Anaamka na kinywa kikavu. Usiku anakwenda kukojoa mara kadhaa, na watu wengi hudhani hiyo ni kisukari tu. Shinikizo la damu liko juu na halishuki vizuri hata akimeza dawa kila siku.

Kwa dereva wa bodaboda au wa lori, kusinzia huku kunaweza kuua. Barabara ya vumbi, abiria wawili nyuma, sekunde 3 za kufumba macho zinatosha. Ikiwa umewahi kujikuta umetoka barabarani bila kujua ulifikaje pale, usipande pikipiki tena kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya. Tunajua hiyo ndiyo riziki ya nyumba. Hata hivyo tunalisema.

Nani yuko hatarini zaidi

Unene ndio sababu inayoongoza, hasa unene wa shingo. Unaweza kuipima kwa utepe wa fundi cherehani: zaidi ya sentimita 43 kwa mwanamume na zaidi ya 41 kwa mwanamke ni ishara ya kuzingatia. Wanaume hupata zaidi kuliko wanawake, ingawa wanawake baada ya kukoma hedhi wanawafikia. Umri ukipita miaka 50 hatari hupanda. Pombe huilegeza misuli ya koo, iwe bia, waragi au kanyanga, na ikinywewa karibu na muda wa kulala ndipo hufanya kazi mbaya zaidi. Dawa za usingizi kama diazepamu na dawa kali za maumivu kama tramadoli hufanya vivyo hivyo, tena zinapunguza uwezo wa ubongo kushtuka pumzi inapokatika. Hizi huuzwa kiholela kwenye baadhi ya maduka, na watu hupeana kama peremende. Mtu anayekoroma na kukabwa pumzi usiku hapaswi kuzigusa bila daktari kujua.

Lakini usidhani ni ugonjwa wa wanene tu. Mtu mwembamba mwenye taya ndogo iliyorudi nyuma, mafindofindo makubwa au pua iliyoziba kila mara anaweza kuupata. Mama mjamzito aliyeanza kukoroma akiwa na mimba naye aseme kliniki, kwa sababu kukoroma huko kumeonekana kwenda pamoja na shinikizo la damu la ujauzito.

Jinamizi, ndoto mbaya na pumzi

Hapa tunahitaji kwenda polepole, kwa sababu wengi wetu tuna usiku mgumu kwa sababu nyingine.

Watu waliokimbia vita mara nyingi huamka wakitweta, moyo unapiga, jasho linatiririka. Wengine husema wamekabwa na jinamizi. Wengine wanaona aibu kulisema, au wanaogopa kwamba majirani watasema wamerogwa. Kuamka kutokana na ndoto ya yale uliyoyaona ni jambo moja: kwa kawaida unaikumbuka ndoto, unaogopa kulala tena, na unabaki macho kwa muda mrefu. Kuamka kutokana na pumzi kukatika ni jambo jingine: huna kumbukumbu ya ndoto, unavuta hewa kwa nguvu, kisha usingizi unakuchukua tena ndani ya dakika moja au mbili. Pia kuna hali ya tatu, ambapo mtu anaamka lakini mwili haunyanyuki, haongei, na anahisi kitu kizito kifuani. Hiyo huitwa kupooza kwa usingizini. Inatisha sana, lakini hupita yenyewe ndani ya sekunde au dakika chache.

Shida ni kwamba mambo haya huja pamoja. Watu wenye majeraha ya moyo yaliyotokana na vita hukutwa na apnea mara nyingi, na usingizi unaokatikakatika huzidisha ndoto mbaya. Kwa hiyo mshauri wa afya ya akili anapokuuliza unalalaje, usimwambie tu kwamba huna usingizi. Mwambie pia kama unakoroma, na kama kuna mtu aliyewahi kusikia pumzi yako ikikatika. Na ikiwa umeambiwa na daktari kwamba una apnea, hilo halifuti maumivu ya moyo wako. Unastahili msaada kwa yote mawili.

Kabla ya kulaumu koo, angalia jiko

Kichwa kinachouma asubuhi kinaweza kuwa na sababu nyingine kadhaa, na mojawapo inaua haraka kuliko apnea.

Msimu wa mvua na baridi, familia nyingi huingiza jiko la makaa ndani, sigiri au mbabula kama tunavyoliita, ili kupasha chumba joto. Milango imefungwa, turubai limebana. Makaa yanayowaka katika chumba kisicho na hewa hutoa kaboni monoksaidi. Hewa hii haina harufu, haina rangi, haina moshi unaowasha macho. Huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Dalili ya kwanza ni kichwa kuuma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu na udhaifu. Aliyelala anaweza asiamke.

Namna ya kutofautisha ni kuwaangalia wengine. Apnea ni ya mtu mmoja. Ikiwa wewe, mke wako na watoto wote mmeamka na vichwa vinauma, tena mkitoka nje mnapata nafuu, hiyo ni sumu ya jiko. Toeni kila mtu nje, fungueni mlango na dirisha, nendeni kituo cha afya mara moja, na jiko lisilale ndani tena, hata likionekana limezimika. Makaa yaliyofunikwa na majivu bado yanatoa hewa hiyo.

Sababu nyingine ni za kawaida zaidi. Malaria ipo na lazima ipimwe, hasa ukiwa na homa. Kuna kulala bila kunywa maji ya kutosha, kuna pombe ya jana, kuna kusaga meno usiku, kuna njaa.

Halafu kuna dawa zenyewe. Hili huwashangaza watu. Ukimeza parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, dawa inaweza kugeuka kuwa chanzo cha maumivu. Kwa tramadoli na dawa za mchanganyiko, siku 10 kwa mwezi zinatosha. Mzunguko wake ni huu: kichwa kinauma asubuhi kwa sababu ya pumzi, unameza kidonge, kidonge kinazoeleka, kichwa kinauma zaidi, unaongeza kidonge. Mwisho wake hujui tena kipi kilianza. Kwa hiyo, ukienda kituoni, sema ukweli kuhusu vidonge ulivyonunua dukani. Hakuna atakayekukamata.

Yapo pia maumivu ya kichwa yasiyosubiri. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, usiku au mchana, ikiwa kichwa kimeuma ghafla kwa nguvu ambayo hujawahi kuiona. Ikiwa kuna homa na shingo imekakamaa. Ikiwa mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, mdomo umepinda au maneno hayatoki. Ikiwa kuna degedege. Ikiwa ni baada ya kuanguka au kupigwa. Au ikiwa ni mama mjamzito anayeona ukungu au aliyevimba uso na mikono. Na maumivu ya asubuhi yanayoongezeka wiki baada ya wiki, pamoja na kutapika au macho kufifia, yanahitaji daktari ayachunguze haraka.

Shahidi wako ni yule unayelala naye

Ugonjwa huu una jambo la ajabu: mgonjwa ndiye mtu asiyejua kabisa. Anayejua ni mke, mume, mtoto mkubwa, au jirani wa upande wa pili wa turubai. Nyumba zetu zimebanana, na kwa mara moja hilo lina faida. Badala ya kumrushia mwenzako maneno kwamba anakunyima usingizi, msikilize kwa usiku mmoja. Je, anakoroma, kisha kimya, kisha kishindo? Kimya hicho kinachukua muda gani? Hesabu polepole. Unaweza pia kurekodi kwa simu dakika chache, kwa ruhusa yake. Sauti hiyo itamsaidia mhudumu wa afya kuliko maelezo ya nusu saa.

Kwa wanaolala peke yao ni vigumu zaidi. Weka simu irekodi karibu na kichwa kwa saa moja baada ya kulala, au mwombe ndugu akutembelee usiku mmoja.

Kituoni, useme nini

Katika makazi ya Uganda, iwe uko Nakivale upande wa Base Camp, Juru au Rubondo, iwe uko Kyangwali au Kyaka II, vituo vya afya vinahudumia wakimbizi na wenyeji pamoja. Asubuhi foleni ni ndefu na mganga ana dakika chache kwa kila mtu. Ukisema tu kwamba kichwa kinauma, utapimwa malaria na kupewa kidonge. Si kosa la mganga, ndivyo maneno hayo yanavyomwelekeza. Jaribu kusema hivi: “Kichwa kinauma kila nikiamka, kwa miezi mitatu sasa, na huisha kabla ya mchana. Ninakoroma kwa nguvu. Mke wangu anasema pumzi yangu inakatika. Mchana ninasinzia.” Sentensi hizo nne zinafungua mlango tofauti. Kama Kiingereza si lugha yako, mwombe mkalimani azitafsiri zote, asizifupishe. Una haki pia ya kuingia na mwenzako ili aeleze anachokisikia usiku.

Yapo maswali manane yanayotumika sehemu nyingi duniani kukisia hatari, yaliyotungwa na madaktari wa nusukaputi huko Toronto, Canada, mwaka 2008. Yanauliza kama unakoroma kwa nguvu, kama unachoka mchana, kama kuna mtu aliyeona pumzi ikikatika, kama una shinikizo la damu, kisha uzito, umri kupita miaka 50, unene wa shingo, na kama wewe ni mwanamume. Ukijibu ndiyo kwa matatu, hatari ni ya wastani. Kuanzia matano ni kubwa. Hayahitaji mashine wala maabara, na mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kuyauliza akiwa mlangoni kwako. Waliyatunga madaktari wa nusukaputi kwa sababu dawa ya kulaza mgonjwa huilegeza koo zaidi. Kwa hiyo ikiwa unapangiwa upasuaji wowote, hata wa ngiri, waambie mapema kwamba unakoroma na kukabwa pumzi.

Mwombe mganga akupime shinikizo la damu na sukari siku hiyohiyo. Apnea isiyotibiwa huendana na shinikizo la damu, magonjwa ya moyo na kiharusi, na shinikizo ni kitu ambacho kituo kinaweza kukipima na kukitibu leo. Kipimo chenyewe cha usingizi, ambapo mtu hulala na nyaya zinazosoma pumzi, oksijeni na mawimbi ya ubongo, hupatikana katika hospitali chache za mijini. Njia ya kufika huko ni barua ya rufaa kutoka kituo chako.

Neno moja pembeni. Huduma za UNHCR na washirika wake ni za bure, na rufaa haiuzwi. Mtu akikuambia kwamba kwa pesa kidogo atakutafutia barua ya ugonjwa wa usingizi itakayokupeleka nchi ya tatu, huyo ni tapeli. Toa taarifa kwa namba ya msaada iliyobandikwa kwenye kituo chako.

Matibabu, na yanayowezekana hapa

Tiba kuu ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ya puani ili koo lisizibe. Iligunduliwa na daktari Colin Sullivan huko Sydney, Australia, na kutangazwa mwaka 1981. Inafanya kazi vizuri. Lakini ni ghali, inahitaji umeme usiku kucha na vipuri vya kubadilisha, na hatutakudanganya kwamba utaikuta dirisha la dawa la kituo chako. Kuna pia kifaa cha meno kinachoivuta taya ya chini mbele, ambacho hutengenezwa na daktari wa meno.

Yanayobaki si madogo. Kulala ubavu badala ya chali kunapunguza kukatika kwa pumzi kwa watu wengi, maana ukilala chali ulimi unaanguka nyuma kwa uzito wake. Chukua mpira mdogo wa matambara, kama ule watoto wanaochezea, ushonee mgongoni mwa fulana ya kulalia. Ukigeuka chali, unakusumbua, unarudi ubavuni. Inachekesha, lakini madaktari wamekuwa wakiishauri mbinu hii kwa miaka mingi. Unaweza pia kuinua upande wa kichwa wa kitanda kwa matofali mawili. Mto mrefu peke yake haufai, unaikunja shingo.

Acha pombe kwa saa kadhaa kabla ya kulala. Ukiweza kuiacha kabisa, bora. Punguza moshi: sigara na moshi wa kuni huvimbisha njia ya pua na koo. Pua iliyoziba kwa mzio au vumbi itibiwe, na kuisafisha kwa maji yaliyochemshwa, yakapoa, yenye chumvi kidogo, husaidia.

Kuhusu uzito, tunajua inasikika vibaya kumwambia mtu anayeishi kwa mgao uliopunguzwa apunguze kula. Lakini unene upo kwenye makazi pia, na mara nyingi hutokana na chakula cha aina moja: posho, mafuta, chai yenye sukari nyingi. Kwa mwenye uzito uliozidi, kupungua kwa asilimia 10, yaani kilo 9 kwa mtu wa kilo 90, kumeonekana kupunguza kukatika kwa pumzi kwa takriban robo. Kuanza na sukari ya kwenye chai ndiyo njia isiyogharimu kitu. Mtu mwembamba hahitaji ushauri huu, na mama anayenyonyesha asijinyime chakula.

Watoto nao

Mtoto anayekoroma karibu kila usiku, anayelala mdomo wazi, anayetoka jasho na kujinyonganyonga kitandani, huenda ana mafindofindo na nyama za nyuma ya pua zilizovimba. Hii hutokea zaidi kati ya miaka 2 na 8. Watoto hawasinzii sana mchana kama watu wazima. Wengi hufanya kinyume, wanakuwa watundu, hawatulii, hawashiki masomo. Wengine hurudia kukojoa kitandani baada ya kuwa wameacha. Hupigwa kwa utundu na kwa kukojoa, na hakuna anayeuliza walilalaje. Kwao matibabu mara nyingi ni upasuaji wa kuondoa mafindofindo, unaofanyika katika hospitali za rufaa kama ile ya Mbarara, na wengi hupona. Mpeleke kituoni, na ukimwona mwalimu wake, mwambie kwamba mtoto yuko kwenye uchunguzi.